Beberu Mwenye Ute wa Binadamu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Profesa alituita ofisini asubuhi, mimi na Bi Glavu, akatusimamisha mbele ya meza kama wanafunzi waliochelewa. Akasema nafasi ya ajira ya kudumu ni moja. Sisi wa mkataba tuko wawili, na mikataba yetu inakwisha mwisho wa mwezi. Kila mmoja atapewa mnyama, atasoma jeni ya ute wa tumbo la mnyama huyo, na Ijumaa ya wiki ijayo atasimama ukumbini aeleze alichokiona. Mmoja atabaki. Mwingine atashukuriwa. Profesa hajawahi kumshukuru mtu akabaki.

Bi Glavu kapewa nguruwe. Mimi mbuzi. Upendeleo wa wazi! Tumbo la nguruwe linafanana na la binadamu, kila mtu anajua, ukumbi utamsikiliza. Mbuzi ana matumbo manne na hakuna hata moja linaloheshimiwa.

Niandike hapa kazi yenyewe, ili nikishakuwa maarufu wajukuu wasitangatange. Ndani ya tumbo kuna tindikali ya kuyeyusha nyama. Tumbo lenyewe ni nyama. Mbona halijiyeyushi? Kwa sababu limepakwa ute. Ute huo unatokana na protini ndefu zilizovikwa sukari, na maelekezo ya kuzitengeneza yako kwenye jeni. Katikati ya jeni hiyo kuna kipande kinachojirudia, kinajirudia, kinajirudia, kama mjomba wangu akishika kipaza sauti. Idadi ya marudio hutofautiana mnyama na mnyama. Hata mtu na mtu. Basi, kazi ndiyo hiyo.

Nyumbani kuna jambo. Mama mkwe alifika jana na begi kubwa, la mtu asiye na haraka ya kuondoka. Yeye ana banda la kuku kijijini kwake, na tangu nimwoe binti yake anasema kazi ya mkataba si kazi, twende wote kwake nikasimamie banda. Sasa mke wangu ni fundi cherehani. Wateja wake wako mtaa huu, kawapata mmoja mmoja kwa miaka. Tukihama na watoto wetu, anaanza upya. Jana usiku hakuniambia kitu, alikuwa anapinda mikono ya gauni la mtu, ila najua.

Kwa hiyo leo mezani nilipoulizwa habari za kazi, nilimwambia mama mkwe nimeshaajiriwa moja kwa moja. Ilitoka yenyewe. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu akaacha kijiko hewani akanitazama.

Si uongo. Ni ukweli uliotangulia tarehe yake.

Jumanne, 4 Machi

Machinjioni alfajiri. Mafua yameanza kuninyemelea, pua inawasha. Mkuu wa machinjio, jitu la mabuti meupe tunayemwita Bwana Mabuti, aliniuliza nataka maini au figo. Nikamwambia nataka ute. Aliniangalia kwa huruma. Alisema kuna watu walimjia kwa ajili ya ngozi, kwato, hata pembe, lakini mtu wa kuja kukwangua utelezi hajawahi kumwona, na je, nina familia?

Nikamwambia ninayo, na ndiyo sababu.

Mkakati wangu ni huu. Bi Glavu atachukua nguruwe yeyote, kwa sababu hana mawazo. Mimi nimechagua. Niliwapita mbuzi wote pale zizini, nikamchagua beberu mzee aliyekatika sikio, mwenye ndevu za manjano, ambaye Bwana Mabuti anasema aliwahi kula kamba na nusu ya kikapu. Mnyama aliyekula kikapu akafika uzeeni, tumboni mwake lazima kuna siri.

Wakampasua, nikapewa tumbo la nne, lile la tindikali, likiwa bado la moto. Nikaanza kukwangua ute kwa kigae cha kioo na kuutia kwenye kichupa. Barakoa ilinisumbua. Ukiivaa na miwani, pumzi inapanda, miwani inaingia ukungu, huoni kitu. Sayansi ni kuona. Nikaishusha kidevuni.

Chafya ilinijia ghafla. Niligeuza uso. Nadhani niligeuza.

Jumatano, 5 Machi

Mafua yamekolea. Mama mkwe ameamka na ushauri: nifunike pua, nisimpigie chafya kwenye chai. Alisema mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Bi Glavu leo kanichosha roho. Jina hilo nimempa mimi. Anavaa glavu kufungua friji, anazitupa, anavaa nyingine kuifunga. Anapangusa meza kwa spiriti kabla ya kazi na baada ya kazi, na nikipita karibu anapangusa tena. Kila akipanga vichupa vyake vya ute, mwishoni anaweka kimoja chenye maji matupu, anakipitisha hatua zote kama wenzake. Nilimuuliza maji yanatafuta nini kwenye utafiti wa nguruwe. Akajibu kwa upole, kaka, maji ndiyo shahidi. Kichupa cha maji kikionyesha jeni, maana yake kuna kitu kimeingia kisichotakiwa, na vingine vyote huwezi kuviamini tena.

Mimi nina beberu wa kumshughulikia, sina muda wa kuyahoji maji. Lakini Profesa alikuwa anapita, akasikia, akaniangalia. Nikaweka kichupa cha maji. Sheria ni sheria.

Halafu Bi Glavu akaniambia barakoa yangu iko kidevuni. Nilimwambia dada, kidevu nacho kina haki.

Hakucheka. Huyu ataajiriwaje mahali pa kudumu bila kucheka?

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetoa vinasaba kutoka kwenye ute wa beberu na kuviweka kwenye mashine ya kunakili. Mashine hiyo haijui mbuzi wala nguruwe. Unaipa vipande vidogo vya kuanzishia, inatafuta jeni inayolingana navyo, inainakili mpaka inakuwa nyingi ya kutosha kusomwa. Vipande vya mbuzi vilikuwa chini kabisa ya friza, vimeganda pamoja na barafu, na vidole vyangu vina baridi tayari. Vya binadamu vilikuwa juu, vimeshayeyuka. Ute ni ute. Nikatumia vya binadamu. Hapa ndipo unapoona tofauti ya mtu mwenye akili ya kazi na mtu wa kufuata maelekezo.

Jioni nikatazama matokeo kwenye taa, ile ambayo jeni iliyonakiliwa huwaka chini yake. Beberu amewaka! Mstari mnene, unang'aa. Nilipiga kofi meza.

Kichupa cha maji nacho kimewaka. Kidogo tu.

Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda mpaka dirishani nikarudi. Kuna maelezo mengi. Maji yenyewe yanaweza kuwa mabovu. Bomba la jengo hili ni la zamani. Bi Glavu hawezi kukosa mkono wake humu, maana maji hayo nilichota kwenye chupa anayotumia yeye. Mwisho nikakata shauri kwamba shahidi huyu ni wa uongo, nikamtupa kwenye sinki. Sampuli ya beberu nikaipeleka kwa Mzee wa Mashine, yule anayesimamia mashine kubwa ya kusoma jeni. Yeye hupokea vitu kwa ncha za vidole, hasemi asante.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu Jumatatu.

Nimeenda mlangoni kwa Mzee wa Mashine mara nyingi mpaka akafunga kwa ndani. Nikarudi mezani kwangu. Nikapanga kalamu. Nikazipangua. Nikaenda kumtazama Bi Glavu akirudia sampuli ya nguruwe wake kwa mara nyingine, kwa ukimya, na kichupa chake cha maji kikiwa cheusi kabisa kwenye taa. Hakina hata alama. Alifurahi kuona kitu ambacho hakipo. Watu wanatofautiana.

Nyumbani miguu haikutulia. Mke wangu alisema nikitaka kutembea nitembee nje, maana natikisa sakafu na yeye anashona vifungo. Mama mkwe aliniuliza kama kwenye ajira ya kudumu wanatoa ofisi. Nikasema ndiyo. Akauliza ina dirisha? Nikasema ina madirisha mawili. Mke wangu alijichoma sindano.

Baadaye, mama yake alipokuwa anaoga, mke wangu aliniambia kitu kimoja tu: mteja wake wa sare za shule amemletea oda kubwa ya muhula ujao, na anataka kujua aipokee au asiipokee. Nilimwambia apokee. Akampigia mteja, akaipokea. Niliona uzito wake, kweli, na sikupenda.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike polepole, nisiruke neno.

Majibu yametoka. Jeni ya ute wa beberu yule inafanana na ya binadamu. Si kidogo! Herufi kwa herufi, karibu yote. Kompyuta imeilinganisha na wanyama wote inaowajua ikarudisha jibu moja: mtu.

Beberu mwenye ute wa binadamu. Ndiyo maana alikula kikapu! Nimezunguka choo cha wafanyakazi nikiongea peke yangu. Hapo kuna dawa ya vidonda vya tumbo, kuna safari za ndege, kuna ofisi yenye madirisha mawili ambayo kumbe nilikuwa naitabiri tu.

Mkakati: kimya. Profesa akijua mapema atalifanya lake. Nitalipasua Ijumaa ukumbini, mbele ya wote. Nimemwalika na mama mkwe. Nilimwambia ni kawaida mfanyakazi wa kudumu kuleta familia. Ameanza kupiga pasi nguo tangu leo.

Bi Glavu aliniuliza kama nimepata kitu. Nilitabasamu kwa siri. Akaniuliza na maji je, yalitokaje. Nikamwambia maji yalikuwa majimaji. Alisema nikitaka atanisaidia kurudia sampuli yangu, kwa vipande vya mbuzi, ana nafasi kesho asubuhi.

Wivu huo! Ameshanusa. Nimemshukuru nikakataa.

Jumanne, 11 Machi

Kumbe Mzee wa Mashine hupeleka nakala ya kila jibu kwa Profesa. Hakuniambia. Huyu naye nitamkumbuka.

Profesa alituita maabara nzima. Akasema kwa utulivu, na utulivu wa Profesa ni mbaya kuliko kelele, kwamba kwenye sampuli ya mbuzi kumeonekana ute wa binadamu. Akasema mbuzi hawezi kuwa nao. Kwa hiyo kuna mtu wa humu ndani ameingia kwenye kichupa.

Nilihisi dunia inahama chini ya viatu. Ofisi, madirisha, beberu, vyote vikaondoka kwa pamoja. Na hapohapo nikaelewa. Nani aligusa chupa ya maji? Nani alikuwa na hamu ya kurudia sampuli yangu? Nani anataka nianguke? Bi Glavu kaniharibia kwa makusudi!

Sikumtaja. Mimi si mtu wa kusengenya. Nilinyoosha mkono nikasema, Profesa, kile kipande kinachojirudia kwenye jeni hiyo hutofautiana mtu na mtu. Sote tufutwe mate mashavuni kwa kijiti cha pamba, jeni zetu zisomwe, zilinganishwe na hiyo iliyoingia kwenye mbuzi. Mwenye makosa aonekane, hata awe nani. Nilipofika kwenye "hata awe nani" nilimtazama Bi Glavu machoni.

Profesa akatabasamu. Sijawahi kuona meno yake. Akasema hilo ndilo wazo la kisayansi la kwanza amelisikia kutoka kwangu, na kwa mtu aliyelitoa ataanza nalo.

Tulipanga mstari. Mimi wa kwanza, mdomo wazi, kifua mbele. Vijiti vyote vikawekwa kwenye vichupa vyenye majina, vikaingizwa kwenye friji ya koridoni, visomwe Alhamisi mchana. Bi Glavu alitoa mate yake bila wasiwasi wowote. Mjanja sana.

Jumatano, 12 Machi

Nimekumbuka ile chafya.

Ilinijia nikiwa napiga mswaki. Nilisimama na povu mdomoni. Machinjioni. Barakoa kidevuni. Niligeuza uso, lakini niligeuza upande gani? Kichupa kilikuwa mkono wa kushoto. Mimi hugeukia kushoto.

Halafu likaja la pili, na hili ndilo lililonikalisha kwenye ukingo wa bafu. Jeni inayotengeneza ute wa tumbo ndiyo hiyohiyo inayotengeneza makamasi. Iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Na mimi nikaipa mashine vipande vya binadamu, nikaiambia tafuta mtu. Ikatafuta. Ikanipata.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini hakuna msemo unaomkataza kutoka.

Kazini sikukaa. Nilipita friji ya koridoni nikarudi. Nilipita tena. Nilitafakari kukiri. Nilifika hata mlangoni kwa Profesa, mkono ukiwa umeinuliwa kubisha. Nikawaza oda ya sare. Nikawaza kuku. Nikashusha mkono.

Mkakati mpya. Kijiti chenye jina langu kibadilishwe na kijiti chenye mate ya mtu mwingine, asiyehusika, asiyejulikana hapa kazini. Kesho asubuhi, kabla Mzee wa Mashine hajafungua. Basi, sitafanana na beberu, hakuna atakayefanana naye, na jambo litabaki fumbo. Mafumbo huheshimiwa.

Jioni nilimkuta mama mkwe jikoni anachambua mchele. Nikamwamkia upya kwa adabu, shikamoo mama, nikamwambia kwenye ajira ya kudumu wanapima afya ya familia bure, ila lazima nichukue mate kidogo shavuni. Alifurahi. Alisema nyumba ya binti yake hatimaye imepata maendeleo. Akafungua mdomo. Nilizungusha kijiti vizuri kabisa, nikakiinua kwenye mwanga kukikagua.

Chafya.

Ndogo tu. Ilipita pembeni. Mama mkwe alisema kwa ukali, baba, pua! Nikamwomba radhi, nikakifunga kijiti kwenye kichupa, nikakiweka nyuma ya maziwa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na futi shingoni. Aliniuliza kipimo hicho ni cha nini hasa. Nikasema cha afya. Akauliza afya ya nani.

Alhamisi, 13 Machi

Imefanyika! Nilifika mapema nikiwa na kisingizio cha chakula changu cha mchana. Chakula hakiruhusiwi kwenye friji ile, kwa hiyo kama ningekamatwa ningeungama kosa dogo kuficha kubwa. Huo ni ujanja wa hali ya juu. Hakuna aliyenikamata. Nikatoa kijiti changu, nikaingiza cha mama mkwe, jina langu likabaki juu yake. Kijiti changu cha kweli nikakitupa kwenye pipa la barabarani, mbali.

Siku nzima nilikuwa mwepesi. Nikamsaidia Bi Glavu kubeba boksi. Alinishukuru. Aliniambia kwamba amemaliza mapema na jana jioni alitoa vipande vya mbuzi kwenye friza, vimeyeyuka, viko mezani kwangu, kama nitapenda kurudia mwenyewe usiku huu nikapata kitu cha kweli cha kusema kesho. Alisema beberu wangu hana kosa.

Nilivitazama vile vichupa. Ingewezekana. Kazi ya saa chache tu. Ningesimama ukumbini na mbuzi halisi.

Lakini kama mkakati wangu umeshafaulu, kurudia ni kujitilia shaka. Nikavirudisha friza.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika, kwa sababu shajara ni shajara.

Mama mkwe alivaa gauni la kijani aliloshonewa na binti yake, akakaa safu ya mbele. Mke wangu alikaa naye, mikono mapajani. Bi Glavu alianza. Nguruwe wake, marudio yake, kichupa chake cha maji kisicho na kitu. Alikionyesha hata hicho kwenye ukuta, picha kubwa nyeusi, na watu wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wameona mwezi. Hakukosea hata neno.

Kabla zamu yangu haijafika, Profesa alisimama. Akasema ana majibu ya vijiti vya wafanyakazi. Hakuna mfanyakazi anayefanana na ute ulioingia kwenye mbuzi, isipokuwa sampuli moja, na sampuli hiyo ina ajabu yake. Ina watu wawili. Mmoja ndani ya kijiti hicho ni yuleyule wa kwenye mbuzi. Mwingine hajulikani. Na kijiti kina jina langu.

Ukumbi wote ukanigeukia. Nikasema kwa haraka kwamba huenda mimi ni watu wawili. Yapo mambo kama hayo, nimewahi kuyasoma. Profesa akasema yapo, na akakubali kwamba yangekuwa makubwa kuliko beberu. Nikaona mwanga. Nikaanza kueleza utoto wangu.

Hapo mama mkwe akainuka. Hakuinuka kwa hasira, aliinuka kwa kusaidia, na hilo ndilo linalouma. Akasalimia ukumbi. Akasema yeye ni mama mkwe wa huyu kijana, na kama wanatafuta mtu wa pili wasihangaike, labda ni yeye, kwa sababu juzi alipimwa afya jikoni kwa kijiti kama hicho, na huyu baba alikipigia chafya na yeye akamwambia pua. Akauliza kama afya yake iko salama.

Mtu mmoja nyuma alicheka, nadhani Mzee wa Mashine, na ukumbi ukafuata. Profesa hakucheka. Akamjibu mama mkwe kwa heshima zote kwamba afya yake inaonekana nzuri, na marudio yake ni mengi kuliko ya mtu yeyote humu ndani. Mama mkwe akashukuru, akakaa, akamwambia jirani yake kuwa mkwewe ni wa kudumu. Jirani yake alikuwa Bi Glavu. Bi Glavu akatazama sakafu.

Nafasi amepewa Bi Glavu. Mimi nimeshukuriwa.

Nje ya lango mama mkwe akasema njia ya mwongo fupi, ila ya kwangu imekuwa fupi mpaka haikufika nje ya jikoni. Nyumbani mke wangu aliketi kwenye cherehani, akatandika kitambaa cha sare, akaniambia mapendekezo yake kana kwamba anapima nguo. Yeye na watoto wanabaki hapa, kwa sababu oda ameshaipokea na yeye akiahidi anatimiza. Mimi nitakwenda na mama kwenye kuku. Nitarudi nikipata kazi, ya kweli, na nikimwonyesha kwa macho.

Nilitaka kulia nikapiga chafya. Alinipa kipande cha sare nijifute. Hakikuwa kipande kizuri, kilikuwa cha pembeni, lakini alinipa.

Jumatano, 2 Aprili

Bandani. Kuku ni wengi, wana dharau. Mama mkwe amenipa ndoo, mabuti na kitanda karibu na magunia ya pumba. Usiku nasikia wanavyojipanga juu ya vijiti, hawatulii, na mimi situlii.

Bi Glavu kanipigia simu jana. Sauti yake ya upole ileile. Alisema Profesa ameamua jeni yangu ihifadhiwe kwenye kompyuta ya maabara daima. Kila sampuli mpya, ya nguruwe, ng'ombe, samaki, chochote, kabla ya kuaminiwa itafananishwa kwanza na mimi, kuhakikisha simo. Wameipa hata jina la kazi. Wanafunzi wapya watafundishwa kwayo. Alisema aliona ni vizuri nijue kabla sijasikia kwa watu.

Nilikaa juu ya ndoo nikatafakari. Halafu nikacheka mpaka kuku wakaruka. Mimi nimeshukuriwa, lakini ute wangu umeajiriwa. Moja kwa moja! Bila mkataba! Hata Bi Glavu atastaafu, ute wangu utabaki. Nimempigia mke wangu kumwambia nimepata kazi ya kudumu maabara. Aliuliza, nikamweleza. Nikasikia cherehani ikisimama. Ikasimama muda, halafu ikaendelea, na kabla hajakata nilisikia kitu kama kicheko, ingawa huenda ni uzi uliokatika. Watoto hawajambo. Mikono ya sare imebaki, mabega tayari.

Sasa sikiliza. Kuku anameza changarawe. Mawe! Tumboni mwake mna tindikali juu na mawe chini, na bado anatembea kifua mbele. Ute wa namna gani huo? Nani ameshamsoma kuku wa banda hili, hasa yule jogoo mwekundu aliyemeza kifungo changu? Nikilipata hili mimi, si Profesa wala nani, nitarudi mjini kwa lango kubwa, na mke wangu ataona kwa macho.

Mama mkwe alichinja mmoja asubuhi. Nimeomba tumbo. Nimelikwangua chini ya kivuli cha banda, kwenye kichupa cha dawa nilichokisuuza mwenyewe. Mafua yamerudi, vumbi la pumba hili. Barakoa ninayo, ila miwani iliingia ukungu, nikaishusha kidevuni kidogo tu.

Kesho kichupa kinakwenda kwa basi. Nimemwomba Bi Glavu anisaidie kukisoma, kwa siri, kwa ajili ya urafiki wetu. Amekubali. Ila nimemwambia asijisumbue kuweka na kile cha maji. Maji ni maji.